Kilo Kumi za Kiunoni

Wanawake wa Bukavu tuliofanya biashara ya Shabunda miaka ile tulikuwa wanene angani na wembamba nyumbani. Ungetukuta Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, tukishuka kwenye ndege, ungedhani huko msituni kuna neema ya ajabu: viuno vipana, mwendo wa bata, jasho likitiririka hata asubuhi ya baridi. Jioni ungetukuta sokoni Nyawera, mifupa ya shingo imetutoka, tumekaa nyuma ya mafungu ya mchele. Unene wetu ndio tuliokuwa tunauuza.

Najua inachekesha. Nimeisimulia kwenye arusi na hata kwenye matanga, watu wakajipiga mapaja kwa kicheko, na kila mara nimekatiza pale pale inapochekesha. Leo nataka kwenda mbele kidogo.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nchi ikiitwa Zaïre, dhahabu imeruhusiwa kuchimbwa na kila mwenye mikono, na sisi walimu tunakaa miezi bila mshahara. Mume wangu alikuwa karani, hali yake ile ile. Tulikuwa na watoto wawili waliokuwa wamejifunza kutouliza kama kuna chakula. Walikuwa wanachungulia chungu, kisha wanatoka nje kucheza. Kutouliza kwao kuliniogopesha kuliko kilio. Ndipo shangazi yangu, dada mdogo wa baba, mjane aliyekuwa ameanza safari za Shabunda miaka miwili nyuma, aliponiita kwake akaniambia chaki haiivi hata ukiichemsha siku tatu.

Barabara ya Shabunda ilikuwa barabara kwenye ramani tu. Kwa miguu ni wiki mbili, tatu, za matope na madaraja yaliyooza. Kila kitu kilikwenda kwa ndege ndogo, chumvi, sabuni, vitenge, betri, na kila kitu kilirudi kwa ndege hizo hizo. Mchele wa kule ulikuwa rahisi, kwetu ulikuwa ghali, lakini nauli ya mzigo ilikuwa inakula faida yote. Hapo ndipo wanawake walipogundua kitu. Kavumu, wakati wa kwenda, walipima mizigo na watu pia, na askari wakapekua hata ndani ya vilemba. Shabunda, wakati wa kurudi, kulikuwa na mizani moja ya kuning'iniza, nayo ilikuwa ya magunia. Mtu alihesabiwa kichwa. Mnene au mwembamba, nauli moja.

Basi shangazi alishona mikanda. Alichukua mashuka makuukuu, akayakata vipande virefu, akakishona kila kipande kiwe mfuko mwembamba wa urefu wa mtu na nusu, akajaza mchele, akafunga ncha. Unajizungushia kiunoni, unakaza kwa kamba, unavaa blauzi pana, unajifunga vitenge viwili juu yake. Kilo kumi. Usiiname, usipumue sana, na haja ndogo uimalize mapema.

Nilimuuliza kama huo si wizi. Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyesoma sana.

"Tunamuiba nani?" aliniuliza. "Weye uko mukondefu. Ule mwenzako munene analipa sawa na weye, na hakuna mutu anamuita mwizi. Ile tofauti ni yako. Utaiachia nani?"

Hata leo, nikisikia wasomi wanabishana redioni juu ya soko huria na haki ya mtu kutafuta faida yake, namsikia shangazi yangu. Kila alichosema kilikuwa kweli, kimoja kimoja. Ubaya ulikuwa katika kujumlisha, na kujumlisha ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Rubani wetu alikuwa mzee wa Kizungu aliyezaliwa huku huku, anasema Kiswahili chetu kama sisi. Alikuwa na sheria moja: atakayekamatwa na mzigo wa kuficha hapandi tena ndege yake, milele. Mwanamke mmoja alikamatwa na samaki wa kukausha ndani ya nguo, akaachwa uwanjani Shabunda. Alifika Bukavu baada ya wiki tatu, miguu imevimba, mtaji umekwisha, na tangu siku hiyo akawa anachoma ndizi mlangoni kwake. Kila tulipopita pale tulinunua ndizi bila kumtazama machoni. Mtu wa mizani wa Shabunda alijua siri yetu, lakini alikuwa na watoto wengi na sisi tulikuwa na sabuni.

Mimi ndege niliiogopa tangu mara ya kwanza. Sikuwahi kuzoea. Magurudumu yakiacha ardhi, tumbo langu lilikuwa linabaki chini, na nilikuwa nasali sala za utotoni, zile za kabla ya kulala, kwa sababu nyingine zote zilinipotea.

Siku ninayotaka kusema ilikuwa safari yangu ya tatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, uwanja wa Shabunda umelowa, majani juu, udongo mwekundu chini, unateleza. Tulikuwa wanawake saba, mikanda saba. Nyuma yetu kulikuwa na magunia ya kasiteriti, yale mawe mazito yanayotolewa bati, mali ya tajiri mmoja wa Bukavu aliyekodi ndege. Sisi tulikuwa abiria wa juu ya mawe yake tu. Nafasi moja ilibaki, kando yangu.

Tulipokuwa tunakaa, wanaume wanne walitokea upande wa nyumba wakikimbia na kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa. Juu yake kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, siku ya pili. Mtoto alikuwa amekingama. Mkunga alikuwa amesema hapa ni kupasuliwa tu, na mtu pekee wa kupasua alikuwa safarini. Mume wake alimweleza rubani hayo yote akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Rubani alimtazama mwanamke, akatazama mawingu.

"Mumupandishe," alisema. "Bure."

Namtolea ushahidi kwa neno hilo, kwa sababu baadaye sitakuwa na zuri jingine la kusema juu ya mtu yeyote aliyekuwa ndani ya ndege ile, isipokuwa yeye mwanamke mwenyewe.

Alikuwa kijana, rika la wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Mume hakuwa na nafasi, akamvika koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Uchungu ulipomjia alinishika mkono bila kuniuliza, akaufinya mpaka pete ikaniumiza kidole. Ulipomwachia kidogo, alifungua macho, akaona tumbo langu.

"Na weye? Miezi ngapi?"

Shangazi, aliyekaa mbele yetu, aligeuza kichwa, akajibu kwa niaba yangu kwa sauti tamu.

"Saba."

Yule mwanamke alitabasamu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kukauka. "Basi tuko wawili," aliniambia. "Usiogope, mama."

Yeye ndiye aliyeniambia mimi nisiogope.

Ndege ilianza kukimbia. Matope yakarukia vioo, miti ya mwisho wa uwanja ikaanza kukua mbele yetu, nikangoja lile jambo la tumbo kubaki chini, halikuja. Miti ikawa mikubwa zaidi. Nikaona shina moja, nikaona hata gamba lake. Ndipo rubani alipokata moto wa injini, ndege ikaserereka pembeni, wanawake wakapiga kelele, na tukasimama karibu sana na msitu kiasi kwamba niliweza kuhesabu matawi. Ndege ikageuzwa polepole, ikarudi tulikotoka, ikitetemeka. Nilijikojolea kidogo, na nikawa na hofu mpya kwamba mchele utalowa.

Rubani aligeuka. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ndege iko muzito. Nilipiga hesabu mara mbili. Kuko mutu iko na kitu haikupimwa?"

Tulishika vitenge vyetu.

"Hakuna, Papa," mmoja wetu alisema. "Mungu anaona."

Nami hapo nikafanya hesabu. Sikuitaka, ilijifanya yenyewe, ndiyo balaa ya kazi yangu. Saba mara kumi, sabini. Kilo sabini ni mtu mzima, na koti lake, na mtoto wake tumboni. Sisi saba, kila mmoja na tofauti yake ndogo iliyo haki yake, tulikuwa tumemvaa mtu mzima. Haba na haba hujaza kibaba: mama yangu alinifundisha methali hiyo ili niwe mwenye kuweka akiba.

"Mawe siwezi kugusa," rubani alisema. "Juu ya mawe njo tuko hapa. Na mvua inakuya. Mutu moja ashuke, ao tubaki wote."

"Siye tulilipa," sauti ilisema nyuma yangu. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja.

Nataka kueleza nilichoogopa, kwa kuwa watu hudhani woga ni kitu kimoja. Nilimwogopa rubani na sheria yake. Nikawaogopa wale sita, ambao wangepoteza njia yao ya kula kwa sababu ya mdomo wangu, na ambao ningekutana nao Nyawera kila siku ya maisha yangu. Nilimwogopa shangazi, aliyenikopesha mtaji. Nikaogopa kujifungua kitenge mbele ya mwanaume, mimi mwalimu, mchele ukamwagike miguuni mwangu. Niliwaona watoto wangu wakichungulia chungu. Nikafikiri pia kwamba ningeweza kushuka mimi mwenyewe, mzima mzima, nikampa kiti changu, bila kusema siri ya mtu. Hilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Nikaogopa kubaki Shabunda, mahali nisipojua mtu.

Ningependa kuandika kwamba shangazi alinikanyaga mguu, au kwamba alinifinya ninyamaze. Hakufanya hivyo. Alikuwa akitazama mbele, mikono juu ya kiuno chake kipana. Kamba ya mkanda wangu ilikuwa chini ya kidole gumba, ningeivuta tu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ulimi ndio uliokataa, na ulimi ni wangu.

Yule mwanamke alizungusha macho, akatupitia mmoja mmoja, wanawake saba wanene. Akafika kwangu.

"Huyu mama naye iko na mimba, hamuwezi kumushusha," alimwambia rubani. "Na hawa balilipa. Miye nishuke. Nitangoya ingine."

Ndege nyingine ilikuwa ya siku tatu baadaye, kama mbingu zingekubali. Wote tulijua, yeye pia. Alikuwa bado amenishika mkono. Mimi ndiye niliyeuachia.

Mume wake alifika mbio, akampokea kwapani. Hakuuliza kitu, alisema tu, "Polepole, polepole." Mlango ukafungwa. Safari hii ndege ilipaa, kwa shida, majani ya juu yakapiga magurudumu, nikasikia, nikasali. Nilijisalia mimi. Nilimwomba Mungu anifikishe nyumbani, na Mungu akanifikisha.

Mkanda nilipoufungua kwa shangazi ulikuwa na joto la mwili wangu. Mchele haukulowa. Tuliuza wote siku mbili, na mteja mmoja, mke wa daktari, alisifu kwamba mchele wetu hauna mawe. Nilibakiza vikombe vitatu kwa ajili ya nyumbani. Watoto walikula, kisha wakaniuliza kama upo mwingine. Waliuliza! Nikawapakulia tena. Mimi pia nilikula, nao ulikuwa mtamu, na nasema hivyo kwa kuwa nimechoka na simulizi za watu ambao walikosea kisha chakula kikawakataa kooni. Changu kilipita.

Kilichokataa kilikuwa usingizi. Nilimwuliza shangazi, kwa kuzungukazunguka, kama anadhani yule mama alipata ndege. Alisema Mungu ni mkubwa. Nikamwuliza tena wiki iliyofuata. Aliniambia, "Weye ulimutia mimba?" akacheka, na nikaona mikono yake inacheza na ukingo wa kitenge, akiukunja na kuukunjua. Alikuwa anaogopa kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mazoea.

Sikwenda Shabunda miezi miwili. Nilisema nina malaria. Mshahara haukuja mwezi wa kwanza, haukuja wa pili, na mtoto mkubwa akaanza tena kuchungulia chungu na kutoka nje. Nikapanda.

Kwenda, nimeshasema, hatukuvaa kitu. Nilishuka Shabunda na mwili wangu wa kweli, mwembamba, nikiwa na vitenge kwenye gunia lililopimwa. Mume wa yule mwanamke alikuwa amesimama kando ya uwanja. Nilimjua kwa koti. Nilitaka kujificha nyuma ya wenzangu, lakini alikwisha kuniona, akaja moja kwa moja, kofia mikononi.

"Yambo, mama. Njo weye ulikalaka karibu ya bibi yangu."

Nikasema ndiyo.

"Hakuona jioni," alisema. "Tulikuwa tunamurudisha kwa kipoyi. Yeye na mutoto."

Nilisema pole. Nilikuwa na hakika kwamba ameshajua. Mtu wa mizani amemwambia, nilifikiri, au amehesabu mwenyewe, na amenisubiri miezi miwili aje aniulize mbele ya watu wote. Nilitamani afanye hivyo. Kama angeniuliza, naamini ningesema.

Alitazama tumbo langu. Lilikuwa bapa.

"Bibi aliniambia mu njia," alisema. "Alisema, nimeachia kiti ule mama ya kando yangu, juu naye iko na mimba, iko anaogopa sana. Alinena vile mara mbili." Akasita. "Wako alizaliwa muzuri?"

Wenzangu walikuwa wanashusha mizigo. Shangazi alikuwa hatua tano kutoka kwetu, alisikia, akainama kufunga gunia lililokuwa limefungwa tayari. Hakuna aliyenisaidia, na sasa hivi, baada ya miaka yote hii, sijui msaada ungekuwa upi. Ningemwambiaje mtu yule kwamba mke wake aliuachia mchele kiti?

"Alizaliwa muzuri," nilisema.

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona uso unafunguka hivyo, na sitaki kuona tena. Akaniomba nisiondoke, akaenda mbio mpaka kwenye baiskeli yake iliyolala majanini, akarudi na kuku, jike, mweupe, miguu imefungwa kwa ukambaa. Kwetu mwanamke aliyezaa hupelekewa kuku, ale supu, apate nguvu za kunyonyesha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huyu mtu alikuwa anakuja uwanjani kila ndege inapotua, na kuku.

"Ni ya muzazi," alisema. "Yeye njo angekuletea."

Nilimpokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka.

"Basi hakufa bure," aliniambia.

Nikamwambia aksanti.